Helio G99 mpya au Snapdragon 855 ya mtumba? Naombeni ushauri wa haraka

Mtoto wa Tabata: Wakuu, habari za jioni. Nimekwama. Kuna simu ya boksi yenye prosesa ya Helio G99, na kuna ya mtumba ya 2019 yenye prosesa ya Snapdragon 855. Bei zinakaribiana. G99 ni ya 2022, imeundwa kwa teknolojia ya nanomita 6, na namba ndogo ndiyo teknolojia mpya zaidi. Hiyo nyingine ni nanomita 7. Si ina maana mpya ndiyo kali zaidi? Tangu juzi sipati usingizi.

Fundi_Tandika: Nanomita zisikuchanganye. Viini vikubwa vya zote mbili, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi nzito, asili yake ni muundo mmoja, Cortex-A76. G99 inavyo viwili vya kasi ya GHz 2.2, 855 inavyo vinne na kimoja kinafika 2.84. Kwenye grafiki ndiyo kabisa, chipu ya grafiki ya 855, Adreno 640, inaiacha mbali Mali-G57 ya G99. Sifa ya G99 ni kutunza chaji. Unaitakia kazi gani?

Mtoto wa Tabata: Matumizi ya kawaida tu mkuu.

MamaJunior: Mimi nilichukua mtumba Kariakoo, betri ikifika asilimia 30 simu inazima. Nilihangaika na yule muuzaji mpaka nikachoka. Chukua mpya mdogo wangu, ulale.

Fundi_Tandika: Matumizi ya kawaida hayamnyimi mtu usingizi. Funguka.

Mtoto wa Tabata: Sawa. Napiga video za harusi kwa simu, na yangu imeingia maji. Jumamosi nina kazi, bibi harusi anataka video ya ubora wa 4K. Amenipa nusu ya malipo, nami nimeshaitanguliza kwenye ile ya G99. Lakini ina kamera ya megapikseli 108, ina risiti na waranti. Sioni ubaya wake.

Fundi_Tandika: Hizo 108 ni za picha mnato. Video inachakatwa ndani ya prosesa, na G99 mwisho wake ni 2K, ubora wa chini ya 4K, kwa fremu 30 kwa sekunde. 855 inaweza 4K kwa fremu 60.

Mjomba_Kigamboni: Hela ya mteja ni amana. Vijana mnapokea kazi kabla ya kuwa na kifaa!

Jicho_Kali: Uzi umepikwa huu. Mpiga video asiyejua simu yake itarekodi nini? Ni dalali wa mitumba, kesho anatupia namba.

MamaJunior: Mh, hata mimi naanza kushtuka.

Mtoto wa Tabata: Dalali wa mtumba angelipia simu mpya? Risiti hii hapa, nimefuta majina tu.

Jicho_Kali: Risiti hata mimi naandika.

Mtoto wa Tabata: Nimempigia muuzaji, amefungua mipangilio ya kamera. Kweli inaishia 2K. Ila kwa macho si zinakaribiana?

Fundi_Tandika: Fremu ya 2K ina pikseli kama milioni 3.7, ya 4K milioni 8.3. Wakiirusha kwenye skrini ya ukumbini tofauti itaonekana. Usimalizie salio. Mwombe akubadilishie uchukue ya 855, ila kabla ya kulipa irekodi 4K juani dakika kumi mfululizo. Betri ikiwa imechoka au simu ikapata moto ikakata, utajua hapo hapo.

Mtoto wa Tabata: Ya 855 iko duka lingine, mkuu.