Mjadala: Wapanda farasi wa 1914 wanastahili ukurasa kwenye somo la historia?

Mleta mada: Wakuu, nafundisha historia sekondari. Nimebishana na mwenzangu ofisini kuhusu East African Mounted Rifles, wale walowezi waliojiunga kwa hiari Nairobi Agosti 1914, wengi wakiwa na farasi wao na bunduki za kuwindia. Kazi yao katika Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa upelelezi mpakani, kati ya Kenya ya Mwingereza na Tanganyika ya Mjerumani, kuanzia Bissil hadi Namanga. Yeye anasema ndio waliokuwa macho ya Mwingereza. Mimi naona tunawapamba. Wanastahili ukurasa mzima?

Mzee wa Namanga: Wanastahili. Hawakuwa wanajeshi wa kudumu, ni wakulima walioacha mashamba. Kuna farasi wao alipakwa michirizi kama punda milia ili asionekane porini, picha yake ipo. Na Longido 1915 walimwaga damu.

Binti Longido: Shikamoo mzee wangu. Longido ni tarehe 3 Novemba 1914, siku zilezile Mwingereza anapigwa Tanga. Mlima huo nauona nikifungua dirisha. Walipeleka watu kama 1,500, risasi zilipoanza nyumbu waliobeba maji wakakurupuka wakarudi walikotoka, na usiku jeshi likaondoka na kiu yake. Macho gani hayo yasiyoona maji? Wangemuuliza mchungaji yeyote wa Kimasai.

Mzee wa Namanga: Marahaba. Mwaka nimekosea, nakubali. Lakini kosa la Jenerali Stewart, aliyeongoza shambulio hilo, usimtwike mpanda farasi. Halafu si wazungu tupu, mlowezi Berkeley Cole alikuwa na maskauti wa Kisomali.

Mtu wa Mbung'o: Mimi ni daktari wa mifugo, naomba niseme la kwangu. Farasi katika nchi ya mbung'o ni marehemu anayetembea. Van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini upande wa Mwingereza, alipokwenda Kondoa Irangi Aprili 1916, mvua na maradhi vilimmalizia wanyama njiani. Kikosi cha farasi kisicho na farasi kinapeleleza nini? Hao wa Nairobi wengi waliishia kupewa vyeo KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika), kikosi kikayeyuka kabla vita haijaisha.

Kamanda Mstaafu: Daktari, hata bila farasi walikuwa askari. Upelelezi ni taaluma, una hatari yake. Tusiuchanganye na wapagazi, wale walibeba mizigo tu.

Mjukuu wa Kariokor: Mizigo TU? Rudia hilo neno mbele ya mama yangu. Babu yake alichukuliwa, akabebeshwa, hakurudi, na hatujui alikozikwa. Waliokufa ni zaidi ya 40,000 kwa hesabu za wakoloni wenyewe, na wanahistoria wengi wanakaribia 100,000. Bila hao, huyo mpelelezi wako angekula nini?

Kamanda Mstaafu: Pole kwa babu. Sikumtukana mtu. Nimesema hawakupigana, na huo ni ukweli.

Binti Longido: Ukweli nusu, kamanda. Nenda Dar kwenye sanamu ya Askari ya 1927 usome maandishi: wapagazi wameitwa miguu na mikono ya jeshi. Mkoloni mwenyewe aliandika hivyo, wewe unawapunguza.

Mtoto wa Mtaa wa Swahili: Na Kariakoo yetu ni jina lao, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Nimezaliwa pale, nimelijua hilo nikiwa na miaka thelathini. Shuleni hakuna aliyenifundisha.

Mjukuu wa Kariokor: Kariokor ya Nairobi vilevile, msijimilikishe.

Mtoto wa Mtaa wa Swahili: Hakuna anayejimilikisha ndugu yangu, msiba ni mmoja.

Mtu wa Mbung'o: Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika hawakuandikwa majina, ikaomba radhi. Tuanzie hapo.

Mzee wa Namanga: Radhi haichongi jina kwenye jiwe. Ila na wale vijana wa Longido nao wana wazazi waliolia.

Mleta mada: Jamani, kipindi changu ni Jumatatu, dakika arobaini. Ukurasa nimpe nani?

Mjukuu wa Kariokor: Waambie wanafunzi wakaulize nyumbani nani alichukuliwa. Waje na majina.

Kamanda Mstaafu: Kwa hilo naungana na wewe. Babu yako aliitwa nani?