Naomba ushauri: huyu kaa wa ziwani ni jamii gani?

Wakuu, habari za leo. Nafundisha baiolojia hapa Kigoma. Jana mvuvi wa Kibirizi kaniletea kaa kwenye ndoo: gamba lina miiba pembeni, gando moja nene kuliko jingine. Wanafunzi wakang'ang'ania ni kaa mwogeleaji wa baharini, familia ya Portunidae. Nikabisha. Nimemgeuza: tumbo jembamba la pembetatu, basi ni dume. Miguu ya mwisho imechongoka, haina ubapa kama kafi, sasa angeogelea na nini? Nahisi ni Platythelphusa, jenasi ya Ziwa Tanganyika tu, familia ya Potamonautidae (kaa wa maji baridi wa Afrika). Wenye ujuzi, niangalie nini kingine nijue spishi? Na spiriti ya dukani itamhifadhi? Ofisi imeshaanza kunuka.