Mrejesho: ile pampu iliyokuwa inalia kama imemeza kokoto

Wadau, juzi niliuliza mbona pampu yangu ya kuvuta maji ziwani huku Dunga, Kisumu, inalia kama imemeza kokoto. Fundi kaifungua, kokoto hakuna hata moja, lakini impela (lile gurudumu la mapanga linalozunguka ndani na kusukuma maji) imeliwa vishimo vishimo kama mfupa uliogugunwa, nikashika kichwa. Mliosema kavitesheni, yaani viputo vya mvuke kula chuma ndani ya pampu, mlikuwa sawa, chujio ilizibwa na magugu maji, paipu ya inchi 2 nayo ndefu, presha ikashuka hadi maji yakachemka yakiwa baridi, halafu vile viputo vikifika penye presha vinabomoka ghafla na kudonoa chuma. Nimesogeza pampu chini karibu na maji, nikaweka paipu ya inchi 3, sasa inanguruma tu. Impela mpya imenikausha lakini.