OptiPlex 7010: naboresha kwa mara ya kwanza, nianze na kifaa gani?

Mwana_Nyegezi
Habari zenu wakuu. Nina Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba ya SFF. Prosesa i5-3470, RAM 4GB kijiti kimoja, hadidiski 500GB, Windows 10. Nahariri video za harusi za 1080p, pamoja na kazi ndogondogo za kuandika. Kuwaka tu ni dakika nne, na nikianza kukata video inaganda. Nataka kuweka i5 ya kizazi cha 12 na kadi ya grafiki GTX 1650, nifunge mwenyewe ingawa sijawahi kufungua kompyuta. Nipo Nyegezi, Mwanza, kitu kikikosekana mjini naweza kuagiza Kariakoo kije na basi. Mpango huu una makosa?

Fundi_Kirumba
Mkuu, usitoe hela kwanza. Prosesa ya kizazi cha 12 haiingii hapo. Mazabodi yako ina soketi (kiti cha prosesa) ya LGA1155, hiyo prosesa mpya inataka LGA1700 na RAM za DDR4 au DDR5, wewe una DDR3. Ukiing'ang'ania utanunua karibu kompyuta nzima.

Fungua programu yako ya kuhariri, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc. Angalia safu ya Disk na ya Memory. Kama Disk imesimama kwenye 100% huku CPU ikicheza kwenye 20 au 30, prosesa haina kosa, inaisubiri hadidiski. Kwa 4GB ndivyo itakavyokuwa: RAM ikijaa, Windows inahamishia mzigo kwenye hadidiski, na sahani inayozunguka haiwezi kazi hiyo.

Kwa hiyo hela ya kwanza iende kwenye SSD, yaani diski isiyo na sahani inayozunguka, ya SATA ya inchi 2.5, angalau 256GB. Ya pili iende kwenye RAM: vijiti viwili vya 8GB, DDR3-1600 vya desktop, muhuri wa PC3-12800U. Hapo ndipo watu wengi wanapoliwa. Herufi ya mwisho ikiwa R ni RAM ya seva, haitawaka. Ikiwa S ni ya laptop, ni fupi, haiingii. Na kuna vijiti vya 8GB vya bei ya kutupa vinavyouzwa kwa mashine za AMD tu. Kwenye Intel kama yako vinakataa. Nenda dukani na kijiti chako cha zamani mkononi, na ukubaliane na muuzaji kabisa kwamba kikikataa unarudisha.

Sangara_Mkavu
Naongezea kwenye kadi. Pawasaplai ya hiyo SFF ni wati 240 na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kasha nalo linapokea kadi fupi tu, zile za bati la nusu kimo. GTX 1650 inaweza kula hadi wati 75, na nyingi ni za kimo kizima. Utaambiwa uchukue GT 1030 kwa sababu inakula wati 30. Kwa michezo midogo sawa, ila ile yenye kumbukumbu ya GDDR5, si ya DDR4 ambayo ni dhaifu mno. Kwa kazi yako hapana: GT 1030 haina kabisa kile kipande cha kusimba video, NVENC, kwa hiyo kutoa video ya mwisho haitakuharakishia. i5 yako tayari ina Quick Sync ndani, kipande kinachosimba video za aina ya H.264. Iwashe kwenye mipangilio ya programu, na uhariri kwa nakala nyepesi za klipu.

Ukiwa na hela iliyobaki, tafuta i7-3770 ya mtumba. Soketi ni ileile, wati 77 zilezile, ila nyuzi, yaani kazi inazoshika kwa wakati mmoja, zinatoka 4 kwenda 8. Kipoza joto chako kinaitosha.

Mwana_Nyegezi
Asanteni sana. Basi SSD na RAM. Je, nihamishe Windows ilivyo au nianze upya? Na hadidiski nataka ibaki, ina kazi za wateja.

Fundi_Kirumba
Anza upya. Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kwa kawaida inadai diski mpya isipungue ile ya zamani, na wewe unatoka 500GB kwenda 256GB. Kwanza nakili kazi za wateja kwenye diski ya nje, kabla hujashika bisibisi.

Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha. RAM: fungua vibana, linganisha pengo la kijiti na kinundu cha nafasi yake, sukuma pande zote mbili mpaka usikie vibana vinalia. Ukiwasha taa ikawa ya chungwa na skrini nyeusi, mara nyingi kijiti hakijaingia vizuri. Toa, futa meno yake kwa kitambaa kikavu, rudisha kimoja kimoja.

SSD iweke mahali pa hadidiski kwa fremu ya inchi 3.5, waya kwenye mlango wa SATA0. Hadidiski ya inchi 3.5 haitoshi kwenye nafasi ya DVD, kwa hiyo itie kwenye kasha la USB lenye adapta yake ya umeme. Wakati wa kusakinisha Windows iwe imechomolewa, usije ukafuta kazi za watu. Na ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kwa F2 wakati inawaka, uchague AHCI kwenye mipangilio ya diski kabla ya kusakinisha. Ukibadilisha baadaye utapata skrini ya bluu.

Mama_Igoma
Mdogo wangu, kabla hujafunga kasha safisha kipoza joto. Huku ziwani wale vidudu wanaokuja mawingu mawingu usiku wanafuata mwanga, wanaingia kwenye matundu ya mbele, wanagandana na vumbi. Tumia brashi laini na bloa, ushike feni isizunguke. Ukikinyanyua kipoza joto, futa pesti ya zamani kwa spiriti uweke mpya kiasi cha punje ya dengu, na skrubu zikaze kwa mshazari kidogo kidogo. Pini za soketi usiziguse hata kwa kitambaa.

Na UPS ununue. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili la mradi linaweza kuharibika hata kwenye SSD mpya. 650VA inakutosha wewe na monita kwa muda wa kuhifadhi na kuzima. Stebilaiza peke yake haishiki umeme ukikatika.

Sangara_Mkavu
La Windows: msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hiyo usipitilize SSD, RAM na hiyo i7. SSD utaihamishia kwenye mashine ijayo. RAM za DDR3 hazitahamia popote.