Tupeane uzoefu: ukiwa kwenye dayati, njaa inakushika saa ngapi na unaifanyaje?

Kitambi Kwaheri (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nina wiki ya tisa tangu nianze kujinyima. Nilianza na kilo 94, urefu wangu sentimita 168, umri miaka 41, kazi yangu ya kukaa. Leo mzani unasoma 87 na nusu. Suruali zinanivuka, watu wananipongeza, mke ameanza kuniuliza maswali. Yote heri. Kitu ambacho hakuna aliyenitahadharisha ni hii njaa.

Sisemi ile ya kuchelewa chakula cha mchana. Nasema ile ya kukurupuka saa nane usiku ukakaa kitandani ukiwaza kiporo cha wali kilichopo jikoni. Siku hizi usiku naangalia video za watu wakipika pilau, mimi ambaye hata yai nikikaanga linaungua.

Wiki iliyopita ndipo nilipoumbuka. Natoka kazini, daladala imekwama Mwenge, foleni haisogei, na dirishani kwangu kuna kijana anageuza chipsi kwenye karai. Kituo changu bado kabisa. Nilishuka. Nikala chipsi mayai, mishikaki miwili na soda baridi. Kufika nyumbani nikasema siku yenyewe imeshaharibika, nikala na wali wa familia. Kesho yake nikajiadhibu kwa chai ya rangi tupu mpaka saa tisa alasiri.

Ratiba yangu ni hii: asubuhi chai ya rangi bila sukari na silesi moja ya mkate, mchana wali kikombe kimoja na mboga za majani, usiku papai au tikiti. Programu ya simu inanihesabia kama kalori 1,100 kwa siku. Nimejaribu kunywa maji mengi, nikaishia kukijua kila choo cha jengo letu. Nimejaribu kutafuna jojo. Nimejaribu kulala saa mbili usiku. Njaa iko pale pale.

Mliopita njia hii, mlifanyaje? Naomba yaliyowakuta wenyewe, siyo ya kusikia. Wauza dawa za kukata kitambi wapite mbali.

Chapo Moja

Karibu chamani mkuu. Mimi juzi niliota nimefungiwa ndani ya ghala la chapati. Nilipoamka nilikasirika kwa nini nimeamka.

Nesi wa Zamu

Kaka, hiyo siyo dayati. Hiyo ni funga isiyo na futari.

Nisimulie yangu. Nilipojifungua mtoto wa pili mama alikuja kunilea, na mnajua wamama wakija na mtori na uji wa pilipili manga wanavyokuja. Nilirudi kazini na kilo 89. Nikaanza kujikata kama wewe: asubuhi chai, mchana saladi ya matango. Mchana nilikuwa mshindi kila siku. Balaa lilikuwa zamu ya usiku. Ikifika saa tisa usiku, mkono wenyewe unaenda kwenye beseni la maandazi la mama anayetuletea chai, na siyo moja.

Niligundua mambo mawili kwa kuangalia daftari langu, maana nilikuwa naandika kila ninachokula na saa nilizolala. La kwanza ni usingizi. Siku niliyopata kulala mchana wake vizuri, beseni linapita mbele yangu na silioni. Siku niliyolala saa tatu tu, naweza hata kukopa andazi. La pili ni kwamba zile asubuhi za chai tupu ndizo zilizokuwa zinalipizwa usiku. Nikaanza kula mayai mawili ya kuchemsha na kiporo cha maharage asubuhi, jambo ambalo nilikuwa naliona la aibu mtu aliye kwenye dayati kula maharage saa moja asubuhi. Mayai mawili ni kama kalori 150. Andazi moja kubwa linazidi hapo, na halikufikishi popote.

Na karanga! Nilikuwa nabeba karanga nikidhani ndiyo dayati yenyewe. Konzi moja ni karibu kalori 170, na nani anakula konzi moja? Siku hizi natafuna karoti. Siyo tamu, lakini meno yanapata kazi.

Mhasibu Mstaafu

Mleta mada, niruhusu nipige hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa kalori 7,700. Umepunguza kilo 6.5, yaani kama 50,000 kwa siku 63. Hiyo ni pungufu ya karibu 800 kwa siku. Mwanaume wa umbo na umri wako anayekaa ofisini huchoma kama 2,100. Kwa hiyo wastani wako halisi ni kama 1,300, siyo 1,100. Zile 200 zilizozidi ni chipsi za Mwenge na wenzake ambao hukuwataja.

Sikucheki. Nachosema ni kwamba ungekula 1,600 kwa amani, kila siku, bila kushuka kwenye daladala, ungepungua polepole kidogo lakini ungelala.

Githeri Bila Nyama

Nawasalimu kutoka Nakuru. Mimi nilianza kwa kuacha viazi, kwa sababu kila mtu alisema viazi ndivyo vinanenepesha. Miezi miwili nilikula mkate wa brauni kama mgonjwa, njaa haikatiki. Kisha nikasoma kuhusu utafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, wa mwaka 1995. Walichukua vyakula 38, wakawapa watu kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240, wakawa wanawauliza kila robo saa, kwa saa mbili, wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe waliupa alama 100 uwe kipimo. Kilichoshika namba moja ni viazi vya kuchemsha, 323! Croissant ilipata 47.

Nilicheka sana, kwa sababu nyuma ya nyumba yetu ni shamba la viazi. Sasa chakula changu cha mchana ni viazi vya kuchemsha na maganda yake, sukuma wiki ya kukaushwa na mafuta kidogo, na githeri siku mbili tatu kwa wiki. Nashiba mpaka navua mshipi. Kiazi cha kuchemsha gramu 100 ni kama kalori 85. Kiazi hicho hicho kikitoka kwenye karai kikaitwa chipsi, gramu 100 zinaweza kufika 300. Mwenye makosa ni karai.

Hapo ndipo wengi tunaanguka hata nyumbani: mafuta yanamiminwa kwa macho. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120. Mke wangu alikuwa akimimina vitano kwa sufuria ya mboga. Hatukugombana, nilinunua tu chupa ya kutoa tone tone nikajifanya ni zawadi. (Alijua.)

Binti Mji Mkongwe

Mimi nitasema la saa, kwa sababu mleta mada ameuliza inashika saa ngapi. Sisi tunaofunga tunalijua. Ramadhani siku ya kwanza, ikifika saa nne asubuhi tumbo linadai chai kama lina mkataba. Mpaka kumi la mwanzo linaisha, hiyo saa nne inapita sijui kama imepita. Chakula hakijaongezeka, saa ndiyo imebadilika. Baadaye nikaja kusoma kuwa kuna homoni inaitwa ghrelini, Wajapani waliigundua mwaka 1999, inatoka tumboni na hupanda zile saa ulizozoea kula. Tumbo lina saa yake, na anayeitia ufunguo ni wewe.

Ila nisikudanganye, Ramadhani hiyo hiyo niliongezeka kilo mbili. Muhogo wa nazi, katlesi, sambusa, tambi za sukari, uji, kisha daku. Njaa ya mchana niliishinda, ikaja kujilipa magharibi. Baada ya Idi ndiyo nikajiwekea saa tatu tu za kula na sizihamishi: saa mbili asubuhi, saa saba, saa kumi na mbili na nusu. Wiki ya kwanza nilinuna nyumba nzima ikajua. Ya tatu nilizoea. Saa nane usiku sasa nalala fofofo.

Mume wa Tanga

Ninyi mnaongea kama kila mtu anakula kwenye sahani yake. Kwetu ni sinia. Utapima vipi kalori kwenye sinia la watu sita? Ukila polepole unamaliziwa, ukila haraka unavimbiwa, ukiinuka mapema mkwe anasema, "Kwani chakula chetu kina nini?"

Na ukianza kukonda ndiyo kesi. Nilipungua kilo tisa, shangazi akaja kutoka Muheza kuniangalia. Hakusema kitu, ila aliniuliza mara tatu kama nimeshapima. Nilikula bakuli la ndizi za nazi mbele yake ili arudi na habari njema.

Ninachofanya mimi: nakula mboga na samaki wa upande wangu kwanza, mkono hauendi kwenye wali mpaka nimemaliza. Hakuna anayehesabu mboga zako.

Sukari Sifuri

Kwa wenye kisukari someni hapa mkipita. Natumia dawa za kushusha sukari. Nilipunguza kula nusu nzima bila kumwambia daktari, dawa nikaendelea nazo zile zile. Siku ya nne niko kazini: kutetemeka, jasho la baridi, moyo unakimbia, maneno hayatoki sawasawa. Nikajisemea ndiyo njaa ya dayati, kaza. Mwenzangu mwenye akili alinipima, sukari 2.6. Alininywesha soda kwa nguvu. Siku ile soda iliniokoa, na sijawahi kuisema vibaya tena. Ukiwa kwenye insulini au vidonge vya aina hiyo, dozi inapangwa upya na daktari kabla hujapunguza sahani.

Zamani Nilikuwa Mnene

Nimesita kuandika. Mimi njaa yangu iliisha. Mwaka wa pili chuoni nilishuka mpaka tunda moja na maziwa mgando kwa siku, na kufika mwezi wa tatu nilikuwa sisikii kitu. Nilijivuna, nilidhani nimefuzu. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, hedhi ikakata miezi minne, nikawa nahesabu kalori za kidonge cha kikohozi. Marafiki walikuwa wakiniomba siri.

Daktari aliyenitibu alinifundisha kula upya kama mtoto, na nilipoanza kuhisi njaa tena nililia kwa furaha. Kwa hiyo mkuu, unapolalamika tumbo linanguruma, mimi nakuonea wivu kidogo. Ukiona mtu hanung'uniki kabisa, mwangalieni huyo.

Nesi wa Zamu

Pole mdogo wangu. Asante kwa kusema.

Mzee wa Maktaba

Mleta mada, hizo video za pilau zimenikumbusha jambo. Mwishoni mwa 1944, Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani kilichukua vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa dhamiri zao, wakajitolea kushindishwa njaa ili wataalamu wajifunze namna ya kuwarudishia afya watu wa Ulaya waliodhoofika kwa vita. Msimamizi alikuwa Ancel Keys. Kwa miezi sita walipewa wastani wa kalori 1,570 hivi, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito. Lakini kilichoshangaza ni vichwa vyao: walikusanya vitabu vya mapishi, waliota chakula, walilamba sahani, na baadhi walitafuna jojo pakiti kwa pakiti.

Soma tena bandiko lako mwenyewe. Wale walikuwa wanapewa 1,570 na jaribio lenyewe lilihesabiwa ni la njaa. Wewe umejipangia 1,100 halafu unashangaa kuamka saa nane.

Kitambi Kwaheri

Nimerudi baada ya siku kumi na mbili. Bandiko la mzee lilininyamazisha, na la yule dada lilinikosesha usingizi kwa sababu nyingine.

Nimepanda mpaka 1,650. Asubuhi mayai mawili na viazi vitatu vya kuchemsha, hapo jirani wa meza ya ofisini ananiuliza kama nimehamia shamba. Mchana ugali kiasi cha ngumi, maharage au dagaa, matembele mengi. Usiku samaki na mchicha, na saa moja ikipita jiko limefungwa. Hakuna tena siku ya kujiadhibu: nikiteleza, mlo unaofuata ni ule ule wa kawaida. Jana mzani ulisoma 87.1. Umepungua mwendo, sikatai, na nilinuna kidogo.

Ya saa nane usiku imeondoka tangu siku ya tano. Kiporo kinalala jikoni na mimi nalala chumbani. Ya Mwenge bado ipo, saa kumi na moja na nusu kamili, hata nikiwa nimeshiba. Nimeamua sasa nakaa dirisha la upande wa pili.

Chapo Moja

Upande wa pili kuna mama wa mahindi ya kuchoma, mkuu. Anapaka na ndimu na pilipili.