Pennsylvania, Novemba 2026: kura ya posta huharibika wapi?

Swali: Wadau, uchaguzi mkuu wa Pennsylvania ni Jumanne, 3 Novemba 2026. Tunachagua nani hasa? Na kura za posta hukataliwa kwa lipi?

Jibu la 1: Gavana na naibu wake (tiki moja kwa wote wawili), wabunge 17 wa kwenda Washington, viti vyote 203 vya Baraza la Wawakilishi la jimbo, na maseneta wa jimbo 25 kati ya 50. Useneta wa Marekani haumo safari hii. Mwisho wa kujiandikisha ni 19 Oktoba.

Jibu la 2: Mtego uko kwenye bahasha, maana ziko mbili. Karatasi ya kura inatangulia ndani ya bahasha ya siri. Usiandike chochote juu yake. Hiyo nayo inaingia kwenye bahasha ya nje, ambayo unatia sahihi na tarehe ya siku unayosaini (wapo wanaoandika ya kuzaliwa!). Ukiruka ya siri, kura imekufa. Ifike ofisi ya kaunti kabla ya saa 2 usiku siku ya uchaguzi. Muhuri wa posta hauokoi. Kuomba kura ya posta mwisho ni 27 Oktoba, ila kungoja hadi siku hiyo ni kujitafutia balaa.

Jibu la 3: Nyongeza kwa mkuu hapo juu: ukighairi posta, nenda kituoni na karatasi pamoja na bahasha ya nje uvisalimishe, upige kura ya kawaida. Ukivisahau, utapewa kura ya muda tu (huwekwa kando hadi kaunti ihakikishe kuwa inastahili kuhesabiwa).