Uliberali mamboleo Marekani: ni Reagan kweli, au tunamsingizia?

Mchumi wa Kijiweni
Wakuu, salaam. Kila tukigusa ubinafsishaji, lawama zote kwa Rais Reagan wa Marekani na Thatcher wa Uingereza. Mimi nasema mbegu ya uliberali mamboleo, yaani fikra ya kuliachia soko na kupunguza mkono wa serikali, ni ya zamani. Aprili 1947 mchumi Hayek aliwakusanya wasomi wenzake Mont Pèlerin, Uswisi, mchumi Milton Friedman akiwemo. Enzi hizo hakuna aliyewasikiliza. Wakangoja. Chuo Kikuu cha Chicago kikawa ngome yao, matajiri wakatoa fedha, na 1973 ikazaliwa Heritage Foundation, taasisi ya kushawishi sera, kwa pesa za Coors, yule wa bia. Miaka ya sabini mfumuko wa bei na ukosefu wa ajira vilipanda kwa pamoja, wanasiasa wakaishiwa majibu, na hawa wenzetu wanayo mkononi. Reagan anaingia Ikulu 1981, anakuta chakula kimeshaiva. Mnasemaje?

Kichwa Maji
Hizo ngano za Uswisi tumezichoka. Ni Reagan aliyefungulia kampuni za ndege na malori zijipangie bei. Ni yeye aliyefukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 Agosti 1981 kisa wamegoma. Na kodi ya juu kabisa ya matajiri kaikuta asilimia 70, kaiacha 28. Hayek alikuwa wapi hapo?

Binti Saadani
Ya waongoza ndege na ya kodi sawa. Ila ndege zilifunguliwa 1978 na malori 1980, Rais akiwa Carter, wa Democrat, chama pinzani cha Reagan. Aliyeipigania ile ya ndege Seneti ni Ted Kennedy. Hata Volcker, mkuu wa benki kuu yao, aliyepandisha riba hadi kwenye asilimia 20 huko, aliteuliwa na Carter 1979. Soma kwanza, kaka.

Kichwa Maji
"Soma kwanza" ndiyo adabu gani hiyo? Carter, Reagan, maumivu ni yale yale. Tatizo siku hizi kila aliyepata viza anageuka profesa wa Marekani, kumbe huko anaendesha lori Ohio.

Dereva wa I-80
Nilikuwa najisomea kimya kimya lakini hapo umenichokoza. Lori naendesha, tena si Ohio, ni Iowa. Aibu iko wapi? Kabla ya 1980 kuna tume ya serikali iliyokuwa inaamua nani abebe mzigo gani, apite njia ipi, atoze bei gani. Chama cha madereva, Teamsters, kina nguvu, dereva anajenga nyumba. Mimi nimekuja milango imeshafunguliwa. Kampuni niliyoanzia walinisainisha kukodi lori hadi liwe langu, "uwe bosi wako mwenyewe". Ijumaa inatoka karatasi ya malipo: wamekata kodi ya lori, bima, dizeli, mfuko wa matengenezo, tairi. Kuna wiki mwisho wa hesabu nadaiwa mimi! Na ukikaa nusu siku ghalani kusubiri wakupakue, bure, maana unalipwa kwa maili. Huyo Friedman wenu mimi nilikutana naye kwenye ile karatasi.

Mzee wa Soko
Pole, ila ulisaini mwenyewe, hakuna aliyekushikia bunduki. Na hiyo tume unayoililia ndiyo ingekufungia nje. Vibali vilikuwa vichache, wenye navyo wanauziana kama viwanja vya Masaki. Mhamiaji kama wewe ungekipata wapi? Hao Teamsters nao, fedha zao za pensheni zilikopeshwa kujenga kasino Las Vegas. Tusitakatishe kila cha zamani.

Dereva wa I-80
Eti nilisaini mwenyewe! Una watoto watatu, kodi ya nyumba inakusubiri, Kiingereza chenyewe cha kuunga, halafu unawekewa kurasa arobaini usaini kabla ya saa sita. Wewe ungeuliza maswali?

Pwani Oyee
Kusaini umebanwa koo hamkuanza nyie madereva. Mwalimu aligombana na IMF miaka mingi, mwisho wa siku 1986 tukasaini. Makao yao si hapo hapo Washington?

Mama Ntilie 2
Mzee Ruksa, yaani Mwinyi aliyekuwa Rais wakati huo, muacheni apumzike. Wengine tulipanga foleni ya sabuni nyie hamjazaliwa.

Binti Saadani
Jamani tunahama. Hoja yangu: fikra inashinda siku wapinzani wake wanapoiimba. Clinton, naye wa Democrat, ndiye aliyepitisha NAFTA, ule mkataba wa biashara huria na Kanada na Mexico, akatangaza 1996 kwamba enzi ya serikali kubwa imekwisha, na 1999 akasaini kuondoa ukuta kati ya benki za kawaida na zile za uwekezaji za Wall Street. Reagan alishaondoka Ikulu miaka kumi nyuma. Nani atanijibu hilo?

Kichwa Maji
Kwanza uniombe radhi kwa lile la "soma kwanza", ndiyo tuendelee.

Mchumi wa Kijiweni
Mada, jamani, mada!

Kijana wa Mbagala
Samahani wakubwa, nje ya mada kidogo. Mkuu Dereva, leseni ya malori makubwa huko inachukua muda gani, na Green Card ni lazima?

Dereva wa I-80
Njoo inbox. Karibu wote mlioniandikia tangu asubuhi mnauliza hilo hilo.